Alichokula Tunu

Hussein, bwana mifugo wa kata, alipasua tumbo la ng'ombe kwa kisu alichokinoa mara mbili, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akatulia. Waliomzunguka walidhani ameshika ndama. Alipouvuta mkono, kilichotoka ni bonge la mifuko ya nailoni iliyoshikana kama nguo zilizosahauliwa kwenye beseni, likinuka vibaya kiasi cha kumfanya kila mtu arudi hatua moja. Akaliweka kwenye majani. Akaingiza mkono tena.

"Mama, ng'ombe wako hakurogwa," alimwambia Hildegarda, mwenye ng'ombe. "Ameshiba takataka. Majani hayakuwa na pa kuingia."

Hildegarda, mjane wa miaka sabini na mbili, alimtazama ng'ombe wake, Tunu, aliyelala upande katika uwanja wa nyumba yake pale Mikumi, jirani na barabara kuu. Tunu ndiye aliyekuwa chai ya asubuhi, ndiye sabuni, ndiye daftari za mjukuu. Hakulia. Aliuliza tu kama nyama inafaa kuliwa, na Hussein akatikisa kichwa.

"Mzikeni leo hii. Mbwa wasimfukue."

Nyuma ya watu alisimama Bibiana, mkwe wa Hildegarda, kamera shingoni. Alikuwa ametoka kupiga picha za vitambulisho shuleni. Ana chumba cha studio karibu na soko, na kwa miaka kumi na mbili amewaambia watu wa Mikumi wainue kidevu na wasicheke. Wanaume walipoanza kuchimba shimo, yeye alichukua beseni la kufulia akaanza kuokota yale mabonge kwa mikono mitupu.

"Mama Imani, unafanya nini?" aliuliza mumewe, Kasian.

"Nakwenda kuyaosha."

"Uyaoshe iweje?"

Bibiana aliokota bonge lingine. Alijua tu kwamba kitu kilichomuua Tunu kisingezikwa pamoja naye kikasahaulika kabla ya jioni. "Nataka kujua yako mangapi," alisema.

Aliosha kwa siku mbili, kwa sabuni ya mche, kwa ya unga, mwisho kwa majivu. Mifuko sitini na mitatu. Kipande cha turubai. Kamba za mifuko ya salfeti. Glovu moja. Akavianika kwenye kamba ya nguo, na wapita njia wakasimama kushangaa, maana hakuna aliyewahi kuona mtu anaanika taka kwa vibanio.

Siku ya pili, karibu kumaliza, vidole vyake vilikunjua kifuko kidogo chenye herufi nyekundu. Rangi ilikuwa imepauka, lakini ilisomeka: KASIAN KARANGA TAMU, MIKUMI. Chini yake namba ya simu ambayo angeweza kuitaja usingizini. Alivichambua vingine, akapata vinne zaidi.

Kasian ana kibanda stendi. Anauza maji, soda na karanga kwa abiria wa mabasi ya Mbeya, Iringa na Songea. Mwaka juzi Bibiana mwenyewe ndiye aliyechora zile herufi kwenye kompyuta ya studio na kuagiza mifuko Morogoro, ili karanga za mumewe zipendeze kuliko za wenzake. Na zilipendeza. Abiria walikula, wakatupa mifuko dirishani. Jioni wachuuzi walifagia stendi vizuri kabisa, wakasukumia kila kitu kwenye korongo lililo nyuma ya vibanda. Tunu alikuwa akinywa maji kwenye korongo hilo.

Bibiana aliona aibu, na akaona hasira, na hakujua ipi ilitangulia. Vile vifuko vitano akavificha chini ya sinia, jikoni.

*

Wazo la picha lilimjia akiwa ameshika sindano. Aliishona ile mifuko hamsini na minane iliyobaki mmoja baada ya mwingine, ikawa shuka refu la kumetameta, la buluu, jeusi, jeupe na la rangi zilizokwisha jina. Kisha akamwendea mama mkwe.

"Mama, naomba nikupige picha."

"Ya nini? Kitambulisho ninacho."

"Si ya kitambulisho. Ya kutundika stendi, watu waione. Nataka uvae kitenge chako cha kanisani, ukae kwenye kiti cha studio, pale korongoni. Shuka hili ujifunike magotini."

Hildegarda aliligusa lile shuka kwa ncha ya kidole. "Hiki ndicho alichokula?"

"Ndicho."

"Wataniuliza kwa nini nimevaa uchafu na kitenge cha wanawake wa kanisa."

"Ndivyo ninavyotaka, mama. Wakuulize."

Hildegarda alilikunjua shuka lote, akalikagua. Ni mwanamke wa milima ya Vidunda, aliyesoma kwa masista mpaka darasa la saba, na hapendi kuharakishwa. "Kesho asubuhi," alisema. "Jua likiwa kali nitakunja uso."

Walikwenda saa kumi na mbili na nusu. Bibiana alibeba pazia la studio, lile lililochorwa maua na ngazi za hoteli ambalo maharusi wote wa Mikumi wamesimama mbele yake, akalifunga kati ya miti miwili juu ya lundo la chupa. Akaweka kiti. Mwanga ulikuwa laini, unatoka upande wa mbuga, na kila mfuko kwenye shuka ulishika mng'ao wake. Hildegarda alikaa wima, mikono magotini, akaitazama kamera kwa namna ile aliyomtazama Hussein alipouvuta mkono. Bibiana alipiga picha kumi na nne. Kwenye ile ya tisa alijua kwamba ameipata.

Usiku wa siku ile hakulala. Asubuhi aliifungua picha ya tisa kwenye kompyuta, akaikuza. Hapo ndipo alipoona kwamba mama mkwe hakuwa ameshika leso, kama alivyodhani. Katikati ya vidole vya mkono wa kulia kilichungulia kifuko kidogo. Herufi nyekundu zilikuwa zimeelekea kamera: KASIAN KARANGA TAMU.

Kufuta kitu kwenye picha ni kazi ya dakika tano. Bibiana amefuta chunusi za maharusi, makovu ya askari, hata mwanamume mmoja mzima aliyeachwa na mkewe. Alisogeza kishale cha kompyuta mpaka juu ya zile herufi. Akakiacha pale. Akafikiria kwamba picha isiyo na kile kifuko ingekuwa ya bibi aliyeonewa na watu wasiojulikana, na watu wote stendi wangeipenda, wangesikitika, na wangeendelea kufagilia korongoni. Akaituma Morogoro kuchapwa kama ilivyo, kubwa, mita moja kwa mita moja na nusu.

Kumwambia Kasian hakuweza. Alimwomba tu ukuta wa kibanda chake, kwa sababu ndicho kibanda pekee chenye ukuta wa matofali unaotazama mabasi.

"Tundika," alisema Kasian, anamimina karanga. "Picha nzuri itavuta wateja. Itundike Jumamosi ya usafi, watu watakuwa wengi."

*

Damiano, binamu yake Bibiana, ni fundi seremala Kilosa mjini, na ndiye aliyekubali kutengeneza fremu. Fremu ilikuwa nzuri. Tatizo lilikuwa rangi. Damiano alikuwa na nyeusi peke yake, iliyobaki kutoka kazi nyingine, na Bibiana akaona nyeusi ndiyo itakayoifanya picha isimame. Hakuuliza ile kazi nyingine ilikuwa ya nani. Angeuliza, pengine angeshtuka mapema.

Bibiana alipanda pikapu ya abiria kutoka Kilosa Alhamisi mchana, akaipakata picha, uso umeelekea nje ili kioo kisigongwe na magunia. Pale kijiji cha Ulaya gari liliposimama, mama mmoja muuza ndizi aliitazama, akajifunga kanga vizuri, akasema, "Pole, mama." Bibiana akajibu, "Asante," akidhani anapewa pole ya vumbi.

Aliposhuka Mikumi aliibeba picha mbele ya kifua, maana haikubebeka kwa namna nyingine. Mwendo wa robo saa mpaka nyumbani. Kijana wa bodaboda alizima muziki. Wanaume waliokuwa wakicheza bao walisimama, mmoja akavua kofia. Hakuna aliyemsalimia. Bibiana alipita katikati ya ukimya ule akiwa na furaha moyoni, akiamini kwamba picha imeshaanza kazi.

Ungemwuliza mtoto yeyote wa Mikumi, angekwambia mtu anayebeba picha kubwa ya mzee, yenye fremu nyeusi, mbele ya kifua, anatembea polepole, ametoka wapi na anakwenda wapi. Bibiana mwenyewe amechapa mamia ya picha za aina hiyo kwa ajili ya kutangulia jeneza. Lakini siku ile akili yake ilikuwa kwenye mwanga na rangi.

Alipofika nyumbani alikuta wanawake wa jumuiya kumi na wawili wameshatua kuni. Turubai lilikuwa linafungwa. Magreti, kiongozi wao, alikuwa na simu sikioni, na shemeji zake Hildegarda wa Kidodi walikuwa wameshapanda gari. Wimbo ulianza.

Hildegarda alitokea nyuma ya nyumba na ungo wa kunde. "Kafa nani?" aliuliza.

Wimbo ulikatika. Mwanamke mmoja alikaa chini kwa nguvu. Magreti alimtazama marehemu, akaitazama picha, akamtazama Bibiana kwa jicho ambalo Bibiana atalikumbuka maisha yake yote.

"Mama Imani," alisema Magreti, "umemfanyia mzee uchuro."

*

Kasian alifika akikimbia kutoka stendi, shati limelowa, machozi usoni. Alimkuta mama yake amekaa kwenye kigoda anachambua kunde. Alimshika mabega, akamgusa mashavu, kisha akageuka.

"Unajua nimepata taarifa wapi? Kwa utingo. Utingo wa lori la miwa ananiambia, kaka, pole kwa mama."

"Nisamehe, Baba Imani. Nilibeba bila kufikiri."

"Hukufikiri."

Ubishi mwingine ulikuwa umezuka uani. Kuni za msiba hazirudishwi zilikotoka. Kuzirudisha ni kualika msiba mwingine. Kuziacha nako ni kukubali kwamba msiba upo. Wanawake waligawanyika makundi mawili, na mmoja akapendekeza aitwe katekista. Hildegarda aliwasikiliza mpaka akachoka, akaweka ungo chini.

"Pikeni," alisema. "Kuni zipo, unga upo, kunde hizi hapa. Tunu alizikwa bila hata mtu mmoja kukaa na mimi. Kaeni sasa."

Wakapika. Watu wakala ugali na kunde chini ya turubai, kwanza kwa aibu, baadaye kwa njaa ya kweli, na picha ikaegemezwa ukutani ambapo kila mtu aliiona. Walisogea mmoja mmoja. Wakalitambua korongo. Wakalitambua pazia la harusi zao. Magreti alitafuta jina la duka lake kwenye mifuko, hakuliona, akapumua. Kisha akainama kwenye ule mkono wa kulia, akavaa miwani, akasoma kwa sauti kama anavyosoma somo kanisani.

"Kasian. Karanga. Tamu."

Matonge yalisimama mikononi. Kasian alikuwa amenyanyua kikombe cha maji, nacho kikabaki hewani.

Hakuna aliyemcheka, na hilo ndilo lililomuuma. Watu walianza kuaga kwa sauti za chini. Mmoja alimshika bega akasema, "Pole, kaka," na safari hii hakuna aliyejua pole ile ni ya nini.

*

"Ulijua," Kasian alisema, wakiwa wawili chumbani, mlango umefungwa.

"Nilijua tangu nilipoosha. Vilikuwa vitano. Nilivificha, mama akaviona."

"Chunusi za maharusi unafuta. Mimi mumeo umeniacha."

"Nilitaka kufuta. Nilikaa na mkono pale juu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ingekuwa uongo. Kifuko nilichora mimi, Baba Imani. Herufi ni zangu. Ukianikwa wewe, na mimi nimeanikwa."

"Jina lako halipo. Lipo langu na namba ya simu." Sauti yake ilipungua. "Nimemwua ng'ombe wa mama yangu, na unataka nikatangaze kwa mabasi. Ukuta wangu hauupati."

"Basi nitaishika kwa mikono."

"Utashika mita moja na nusu ya kioo siku nzima?"

"Nitashika mpaka nichoke, nipumzike, nishike tena."

Kasian alitoka akamwendea mama yake, Bibiana akimfuata nyuma. Alipiga goti mbele ya kigoda kama alivyofanya siku ya kuomba baraka ya ndoa.

"Mama, sura ni yako. Mwambie asiipeleke stendi."

Hildegarda alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa ya kweli. "Kile kifuko nilikitoa mwenyewe chini ya sinia."

"Pengine hukusoma. Hukuwa na miwani."

"Miwani ni ya Biblia. Herufi za karanga zako ni kubwa." Akamgusa kichwani. "Nilikasirika, mwanangu. Nilitaka kukuita nikuulize. Halafu nikajiuliza hivyo vingine vyote ni vya watoto wa nani, na nani atawauliza mama zao. Nikaona nianze na wa kwangu."

"Watanicheka, mama."

"Watakucheka. Mimi leo wameniimbia wimbo wa maziko nikiwa na kunde mkononi, na sijafa."

Kasian aliinuka, akajipangusa goti, akatoka nje. Ijumaa yote hakusema na mtu.

*

Jumamosi ya mwisho wa mwezi maduka ya Mikumi hayafunguliwi mpaka usafi uishe saa nne. Bibiana alifika stendi mapema na picha, safari hii ameigeuza uso ndani, ameifunika kanga. Hildegarda alikuja nyuma yake na kigoda, amevaa kile kitenge cha kanisani, ili kila mwenye wasiwasi amwone anapumua.

Wachuuzi walifagia. Walipofika kwenye ukingo wa korongo na mafagio yao, Bibiana alivuta kanga, akaisimamisha picha juu ya vidole vya miguu yake, akaishika pembe mbili za juu. Mafagio yalisita. Wengi walikuwa wameshasikia, walikuja kuhakikisha. Mwenye kibanda cha chipsi alitambua mfuko wake kwenye shuka, akasema si wake, halafu akautazama tena. Wengine walikasirika.

"Dada, unatuharibia biashara."

"Korongo lile ni la nani, kaka?"

"La serikali."

"Ng'ombe alikuwa wa huyu hapa. Msalimie."

Yule mchuuzi aligeuka, akakuta macho ya Hildegarda. "Shikamoo, mama," alisema, hana namna.

"Marahaba. Fagia, baba. Ila usisukumie huko."

Kasian alisimama mlangoni mwa kibanda chake, mikono nyuma. Ukuta ule wa matofali ulikuwa mtupu. Saa nne na nusu basi la kwanza la Mbeya liliingia, na mikono ya Bibiana ilikuwa imeanza kuchoka. Wachuuzi wakalikimbilia madirishani na maji, na ndizi, na mayai. Kasian naye akachukua sinia lake, akakimbia. Biashara ni biashara.

Abiria mmoja, mama mnene mwenye kilemba cha kijani, alinunua karanga. Alikuwa ameshafungua mfuko kwa meno alipoiona picha ng'ambo ya dirisha. Aliitazama vizuri. Akautazama mfuko mkononi mwake. Akaitazama tena.

"Wewe kijana," alisema, "huyu Kasian ni nani?"

Wachuuzi waliokuwa karibu waligeuka. Bibiana alisikia kutoka pale aliposimama, na akatamani kuziba masikio. Mtu angeweza kusema ni bosi wangu. Mtu angeweza kusema sijui, mimi nauza tu. Injini ilikuwa inaunguruma, dakika mbili basi lingeondoka na swali lake.

"Ni mimi," Kasian alisema.

"Na yule bibi kwenye picha?"

"Ni mama yangu. Amekaa pale, mwenye kitenge." Akaionyesha picha kwa kidevu. "Hiyo mifuko yote ilitoka kwenye tumbo la ng'ombe wake. Na ya kwangu imo."

Mama mwenye kilemba aligeukia wenzake ndani ya basi akasema jambo. Vichwa vilijaa madirishani. Kasian alibaki chini, sinia kichwani, anatazamwa na watu hamsini, na hakuondoka. Kisha akanyoosha mkono juu.

"Mama, hizo karanga zimimine kwenye kanga yako. Mfuko nirudishie."

Yule mama alimimina, akakunja mfuko mtupu, akaushusha kwenye kiganja cha Kasian. Naye akautia mfukoni mwa shati. Dirisha la pili likamrudishia mwingine. La tatu lilifungwa, na kifuko cha mtu mwingine kikarushwa kutoka upande wa pili wa basi, kikapeperuka kuelekea korongoni. Kasian alikitazama kinavyokwenda. Aliweka sinia chini, akakifuata, akakikanyaga kabla hakijafika ukingoni.

Basi lilipoondoka alikuja mpaka kwa mkewe. Hakumtazama usoni.

"Nipe upande mmoja," alisema.

Bibiana alisogea, naye akaishika pembe ya kushoto. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, akabadilisha mkono. Basi la Songea lilikuwa linakata kona kuingia stendi.